Miaka 65 ndani ya Marekani: namna ya kuchagua bima ya Medicare hatua kwa hatua

Miezi michache kabla mtu hajatimiza miaka 65 hapa Marekani, sanduku lake la barua huanza kujaa. Vipeperushi vya kampuni za bima, bahasha zilizotengenezwa zifanane na za serikali, halafu simu za mawakala zisizokwisha. Mama aliyehudumia wagonjwa kwenye nyumba za wazee miaka nenda rudi, au baba aliyeendesha lori kutoka Texas hadi Ohio, anajikuta akisukumwa asaini kitu ambacho hajaelezwa vizuri. Mwongozo huu ni wake, na wa watoto wanaomsaidia kusoma hizo barua.

Jambo moja lishike tangu sasa. Katika Medicare makosa mengi hurekebishika mwaka unaofuata. Lipo moja ambalo kulirekebisha ni shida kweli: kupitwa na miezi 6 ya kwanza ambayo kampuni haiwezi kukunyima bima ya nyongeza kwa sababu ya ugonjwa ulio nao. Mengi ya hapa chini yanazunguka miezi hiyo.

Tuyaweke majina sawa kwanza. Medicare ni bima ya serikali kuu iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965, enzi za Rais Lyndon B. Johnson. Sehemu A inalipia kulazwa hospitali. Sehemu B inalipia madaktari, vipimo, na upasuaji wa kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Sehemu D ni dawa. A na B zikiwa pamoja huitwa Medicare ya asili, Original Medicare. Kuna pia Sehemu C, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Medicare Advantage: kampuni binafsi inachukua A na B, mara nyingi na D, na kukuhudumia kwa masharti yake. Medigap ni bima ya nyongeza ya kuziba mapengo ya Medicare ya asili. Medicaid ni kitu kingine kabisa: hiyo ni ya wenye kipato kidogo na kila jimbo linaiendesha kwa taratibu zake.

Hatua ya 1: Hakikisha unastahili, na kwa mlango upi

Aliyefanya kazi Marekani na kukatwa kodi ya Social Security na Medicare hukusanya krediti, zisizozidi 4 kwa mwaka. Ukiwa na 40, yaani kama miaka 10 ya kazi, Sehemu A unapewa bila ada ya mwezi. Mwaka 2026 krediti moja hupatikana kwa kila dola 1,890 za kipato kilichotangazwa.

Neno la kuzingatia hapo ni "kilichotangazwa". Kazi za kulipwa mkononi hazihesabiwi. Madereva wa teksi za programu na wenye malori yao wenyewe wajue kwamba kinachohesabiwa ni faida inayobaki baada ya kutoa gharama kwenye fomu za kodi. Ukishusha faida hadi karibu na sifuri kila mwaka ili kukwepa kodi, krediti nazo zinakwepa. Fungua akaunti yako kwenye tovuti ya ssa.gov ukiwa na miaka 60, siyo 65, uone umefikisha ngapi. Kama umebakiza mbili tatu, bado una muda wa kuzifanyia kazi.

Kazi ya mume au mke inakusaidia. Mama asiyewahi kuajiriwa hapa anaweza kupata Sehemu A bure akifika 65 kupitia mumewe mwenye krediti 40, mradi mume ana angalau miaka 62 na ndoa imetimiza mwaka. Hata waliotalikiana wanaruhusiwa, kama ndoa ilidumu miaka 10 na anayeomba hajaolewa au kuoa tena. Kazi ya mtoto haimsaidii mzazi. Narudia hili kwa sababu familia nyingi zimewaleta wazazi kutoka Nairobi, Arusha au Bukavu zikiamini kwamba kodi wanazolipa watoto zitawafungulia wazee mlango.

Mzazi mwenye grini kadi asiye na krediti hukaa kwanza miaka 5 mfululizo nchini, ndipo anaruhusiwa kununua. Bei za 2026 ni dola 565 kwa mwezi kwa Sehemu A (dola 311 kama ana krediti 30 hadi 39) na dola 202.90 kwa Sehemu B. Jumla kwa asiye na krediti ni dola 767.90 kila mwezi. Ni pesa nyingi, kwa hiyo kabla ya kulipa soma hatua ya 6. Anaweza pia kuchukua B peke yake.

Wakimbizi na waliopewa hifadhi wawe macho zaidi. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imewaondolea haki ya Medicare wote wasio na uraia wala grini kadi, isipokuwa makundi machache yaliyotajwa humo, na walio ndani tayari watatolewa kufikia Januari 2027. Mzee wa Kikongo mwenye hadhi ya ukimbizi ambaye amekaa miaka bila kuomba grini kadi asiahirishe tena. Mkimbizi anaweza kuiomba baada ya mwaka mmoja nchini, na mashirika yaliyompokea mara nyingi husaidia kujaza fomu.

Hatua ya 2: Andika tarehe zako kwenye kalenda

Dirisha la kujiandikisha ni miezi 7: mitatu kabla ya mwezi unaotimiza miaka 65, mwezi wenyewe, na mitatu baada yake. Aliyezaliwa tarehe 18 Septemba 1961 ana kuanzia tarehe 1 Juni hadi 31 Desemba 2026. Akijiandikisha kati ya Juni na Agosti, bima inaanza tarehe 1 Septemba. Akisubiri hadi Septemba au baadaye, inaanza mwezi unaofuata ule aliojiandikisha.

Kuna kanuni ndogo inayowagusa sana watu wetu. Aliyezaliwa tarehe 1 ya mwezi huhesabiwa kama ametimiza umri mwezi uliotangulia. Wengi waliopitia kambi za wakimbizi waliandikiwa tarehe 1 Januari kwa sababu siku yao halisi haikujulikana. Kwa hao Medicare inaanza tarehe 1 Desemba, na dirisha linafunguka Septemba na kufungwa mwisho wa Machi. Ukihesabu kuanzia Januari umeshapoteza mwezi mmoja mwishoni.

Unayepokea tayari malipo ya Social Security angalau miezi 4 kabla ya kufika 65, kadi itakuja yenyewe kwa posta. Siku hizi hao ni wachache, maana kwa waliozaliwa 1960 na kuendelea pensheni kamili ni miaka 67 na wengi wanaisubiri. Kama hujaanza kuchukua pensheni, hakuna atakayekuandikisha. Omba mwenyewe kwenye ssa.gov, au piga 1-800-772-1213, au nenda ofisi ya Social Security. Mkalimani wa Kiswahili ni bure. Mwombe mwanzoni mwa simu.

Ukikosa dirisha na huna bima ya kazini inayokubalika, utasubiri kipindi cha Januari 1 hadi Machi 31 na utatozwa faini. Sehemu B huongezeka asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili uliyochelewa. Aliyechelewa miaka mitatu, kwa bei ya 2026, anaongezewa kama dola 61 kila mwezi. Faini hii haiishi, unakwenda nayo maisha yote.

Hatua ya 3: Kama bado uko kazini

Uliza swali moja kwa ofisi ya rasilimali watu, na uombe jibu la maandishi: je, kampuni ina wafanyakazi 20 au zaidi?

Kama ndiyo, bima ya kazini, yako au ya mwenzi anayefanya kazi, inalipa kwanza na unaruhusiwa kuahirisha Sehemu B bila faini. Mimi nashauri uiahirishe kweli. Ile miezi 6 ya Medigap huanza kuhesabiwa siku Sehemu B inapoanza ukiwa umeshatimiza miaka 65. Ukichukua B ilhali una bima nzuri ya kazini, unalipa ada usiyoihitaji na saa yako ya Medigap inakwenda bure.

Kama wafanyakazi hawafiki 20, Medicare ndiyo inayotakiwa kulipa kwanza. Bila Sehemu B, bima ya kazini inaweza kukataa sehemu kubwa ya bili. Mawakala wengi wa huduma za wagonjwa majumbani, ambako akina mama zetu wengi wanafanya kazi, ni kampuni ndogo za namna hii.

Ukiacha kazi una miezi 8 ya kujiandikisha Sehemu B bila faini, ukitumia fomu CMS-40B na CMS-L564, ya pili ikijazwa na mwajiri. Bima ya COBRA, ile unayojilipia baada ya kuacha kazi, haisimamishi saa hiyo. Watu hukaa na COBRA miezi 18 wakijiona salama, kumbe dirisha limefungwa zamani. Na kwa dawa muda ni mfupi zaidi: usipitishe siku 63 bila bima ya dawa inayokubalika.

Wenye akaunti ya akiba ya matibabu ya HSA wanaoendelea na kazi kupita 65 waache kuweka pesa miezi 6 kabla ya kuomba Medicare, kwa sababu Sehemu A hurudishwa nyuma hadi miezi 6 na kodi itawafuata.

Hatua ya 4: Njia panda yenyewe

Hapa ndipo pa kutulia, pengine wiki nzima, ukiwa na karatasi na kalamu.

Njia ya kwanza ni Medicare ya asili pamoja na Medigap na Sehemu D. Unakwenda kwa daktari au hospitali yoyote nchini inayopokea Medicare, bila kuomba ruhusa ya kumwona daktari bingwa. Tatizo la Medicare ya asili ikiwa peke yake ni kwamba haina kikomo. Mwaka 2026 unalipa dola 1,736 kila unapolazwa kwa kipindi kipya cha matibabu. Kwa Sehemu B unalipa dola 283 za kwanza za mwaka, halafu asilimia 20 ya kila kitu. Chukua mgonjwa wa saratani ambaye matibabu yake ya mwaka yameidhinishwa kwa dola 60,000: asilimia 20 yake ni dola 12,000, na Januari hesabu inaanza upya. Medigap ipo kwa ajili ya pengo hilo.

Mipango ya Medigap hutambulishwa kwa herufi, na herufi ileile ina mafao yaleyale popote unapoinunua, isipokuwa Massachusetts, Minnesota na Wisconsin zenye utaratibu wao. Kwa anayeanza leo herufi inayoziba mapengo mengi zaidi ni G: unajilipia zile dola 283 tu, kilichobaki katika huduma zinazokubaliwa kinalipwa. N ni ya bei ya chini kidogo kwa mwezi, ila unachangia unapomwona daktari. Herufi C na F hazipatikani kwa waliostahili kuanzia 2020, hivyo anayekutajia F hajui anachouza. Kwa kuwa mafao ni yaleyale, linganisha bei, na uulize kila kampuni imepandisha bei mara ngapi miaka ya karibuni.

Sasa ile miezi 6. Ndani yake kampuni haiwezi kukukataa wala kukupandishia bei kwa sababu ya kisukari, shinikizo la damu au saratani. Ikipita, katika majimbo mengi wanaruhusiwa kukuuliza na kukukataa. New York na Connecticut ni miongoni mwa machache yanayowalinda watu mwaka mzima.

Njia ya pili ni Medicare Advantage. Bado unalipa ada ya Sehemu B, lakini mipango mingi haikuongezei ada ya mwezi, na inakuja na meno, miwani na dawa humohumo. Ina kikomo pia: mwaka 2026 hakiwezi kuzidi dola 9,250 kwa huduma za madaktari na hospitali walio kwenye orodha yao. Unachotoa ni uhuru. Aina ya HMO inakufunga kwa madaktari walio kwenye orodha. PPO inakuruhusu kutoka nje kwa gharama zaidi. Vipimo vikubwa, upasuaji na kulazwa kwenye kituo cha mazoezi ya tiba vinahitaji kibali cha kampuni kwanza, na kibali kinaweza kukataliwa. Mpango unafuata kaunti unayoishi, na orodha ya madaktari inaweza kubadilika.

Maoni yangu nayasema wazi. Mwenye uwezo wa kulipa Medigap bila kubana chakula, achukue njia ya kwanza akiwa na miaka 65, hata kama ni mzima wa afya. Ukiwa mzima, Advantage inaonekana nzuri sana, na wengi hawana malalamiko. Ugumu huonekana siku daktari aliyeaminika hayumo kwenye orodha, au kibali kinasubiriwa huku maumivu yakiendelea, na ukitaka kurudi kwenye Medigap unaulizwa habari za ugonjwa. Mwenye kipato kidogo, au mwenye Medicaid tayari, kwake Advantage inaweza kuwa sahihi. Mwenye Medicaid kamili wala hahitaji Medigap.

Kuna mlango mmoja wa kutokea. Ukijiunga na Advantage mara ya kwanza ulipostahili ukiwa na miaka 65, una miezi 12 ya kujaribu. Ukitoka ndani ya muda huo unaweza kununua Medigap bila maswali ya afya. Andika tarehe hiyo mahali utakapoiona.

Kabla ya kusaini Advantage yoyote, piga simu kwenye ofisi ya daktari wako, siyo kwa wakala, na utaje jina kamili la mpango. "Tunapokea kampuni hiyo" halitoshi. Kampuni moja huwa na mipango kadhaa kwenye kaunti moja, na daktari anaweza kupokea mmoja na kukataa mwingine.

Hatua ya 5: Dawa

Panga chupa zako zote mezani. Ingia Medicare.gov kwenye kilinganishi cha mipango, weka msimbo wa posta, kisha jina la kila dawa, kipimo chake na unameza mara ngapi. Ongeza maduka ya dawa unayotumia. Kisha panga matokeo kwa jumla ya gharama za mwaka, siyo kwa ada ya mwezi, kwani ada ndogo mara nyingi huficha dawa ghali.

Mwaka 2026 hutalipa zaidi ya dola 2,100 kwa dawa zilizomo kwenye mpango wako. Zikifika hapo, zilizobaki ni bure hadi mwaka uishe. Insulini haizidi dola 35 kwa mwezi kwa kila aina. Kuanzia Januari 2026 bei ambazo serikali ilijadiliana na watengenezaji zimeanza kutumika kwa dawa 10, zikiwemo Januvia, Jardiance na Farxiga wanazozijua vizuri wagonjwa wa kisukari.

Humezi dawa yoyote? Nunua mpango wa bei ya chini hata hivyo. Faini ya Sehemu D ni asilimia 1 ya ada ya msingi ya taifa, dola 38.99 mwaka 2026, kwa kila mwezi uliokaa bila bima. Miaka mitatu ya kusubiri ni nyongeza ya kama dola 14 kila mwezi.

Hatua ya 6: Omba msaada wa kulipa

Wazee wetu wengi wanastahili msaada huu na hawaombi, na hili linaniuma. Extra Help hupunguza gharama za dawa na kufuta faini ya Sehemu D kwa wenye kipato hadi asilimia 150 ya mstari wa umaskini, kama akiba zao nazo ni ndogo. Huombwa Social Security. Mipango ya majimbo iitwayo Medicare Savings Programs hulipa ada ya Sehemu B. Ule wa QMB unakwenda mbali zaidi: hulipa pia ada ya Sehemu A kwa asiye na krediti, na daktari haruhusiwi kukudai ule mchango wako. Huombwa kwenye ofisi ya Medicaid ya jimbo.

Wenye kipato kikubwa nao wana lao. Ada ya Sehemu B hupandishwa kwa kuangalia kodi za miaka miwili nyuma, kuanzia dola 109,000 kwa mtu mmoja mwaka 2026. Kama kipato kimeshuka kwa sababu umestaafu, jaza fomu SSA-44 uombe wapunguze.

Ushauri usio na mauzo unapatikana bure kila jimbo kupitia huduma iitwayo SHIP. Medicare wenyewe ni 1-800-633-4227. Mtoto anayempigia mzazi awe naye kwenye simu, au mzazi asaini fomu ya ruhusa mapema. Bila hivyo hawatazungumza naye. Na wakala anayepiga simu bila kuombwa, au anayekuja kubisha hodi bila miadi, anavunja kanuni. Usimpe namba ya kadi yako.

Hatua ya 7: Safari za nyumbani

Medicare ya asili karibu hailipi chochote nje ya Marekani. Medigap herufi C, D, F, G, M na N hulipa asilimia 80 ya dharura inayotokea ndani ya siku 60 za kwanza za safari, baada ya wewe kutoa dola 250, hadi dola 50,000 kwa maisha yote. Ukilazwa Dar es Salaam kwa dharura wiki ya tatu na bili ikawa dola 6,000, bima inarudisha dola 4,600. Unalipa kwanza mwenyewe, kwa hiyo dai risiti zenye mchanganuo na ripoti ya daktari kwa Kiingereza kabla hujatoka hospitali. Anayekaa nyumbani miezi minne anunue bima ya safari kwa siku zinazozidi 60.

Advantage zina masharti tofauti, na ukikaa nje ya eneo lao zaidi ya miezi 6 kwa kawaida wanakuondoa. Anayehamia nyumbani moja kwa moja abaki na Sehemu A ya bure, kisha apige hesabu ya B: kuiacha kunaokoa dola 202.90 kwa mwezi, lakini akirudi atakuta faini na foleni ya Januari hadi Machi.

Hatua ya 8: Baada ya kadi kufika

Kila Septemba kampuni hutuma barua ya mabadiliko ya mwaka ujao. Isome, kisha kati ya Oktoba 15 na Desemba 7 rudia zoezi la dawa mezani na simu kwa daktari. Aliye kwenye Advantage ana nafasi moja zaidi ya kubadili, Januari 1 hadi Machi 31.

Mzazi akipelekwa hospitali, uliza siku hiyohiyo kama amelazwa rasmi au ameandikwa "observation", yaani anaangaliwa tu. Anaweza kulala kitandani usiku tatu na bado akahesabiwa hajalazwa, na kwenye Medicare ya asili bila siku 3 za kulazwa rasmi kituo cha uuguzi baada ya hospitali hakilipiwi. Akitimiza, siku 20 za kwanza ni bure, na kuanzia ya 21 hadi ya 100 anachangia dola 217 kwa siku, ambazo Medigap G huzilipa. Kama jibu ni "observation", mwombe daktari anayemtibu aangalie upya hali hiyo kabla mgonjwa hajaruhusiwa, kwa sababu akishatoka ni vigumu zaidi kuibadilisha.

Na Advantage ikikataa kibali, dai kukataliwa huko kwa maandishi. Una siku 65 za kukata rufaa. Mwombe daktari aandike kwa nini huduma inahitajika, na kama kusubiri kunahatarisha afya ya mgonjwa aombe rufaa ya haraka, ambayo kwa kawaida hujibiwa ndani ya saa 72.